Kijerumani ambacho Kadi ya Bluu haikidai

Jumapili iliyopita wifi yangu alinipigia kutoka Dar hata chai sijaiepua. Mume wake amepata kazi ya kutengeneza programu huko Munich. Mkataba umetoka, mshahara unavuka kiwango cha Kadi ya Bluu, na wifi ameshaanza kuulizia bei za masanduku Kariakoo. "Na uzuri wake, wifi, hawataki Kijerumani! Kampuni nzima wanaongea Kiingereza." Nikampongeza kwa moyo wote. Halafu nikamwambia jambo ambalo hakulipenda, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza, naliandika hapa.

Kwanza niipe kadi haki yake. Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu wa kigeni kuishi na kufanya kazi, ni kibali kizuri, na tangu Novemba 2023 Ujerumani imelegeza masharti yake. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa mshahara wa yuro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, au yuro 43,759.80 kwa fani zenye uhaba wa watu, kama udaktari, uhandisi na kompyuta. Mtu wa kompyuta mwenye uzoefu wa miaka 3 anaweza kuipata hata bila shahada. Ukirudi nyumbani kuuguza mzazi, kadi haifi mpaka ukae nje miezi 12, wakati vibali vingi vingine hufa baada ya 6. Na mwenza wako anakufuata bila mtihani wa lugha, akiwa na ruhusa ya kufanya kazi tangu siku anayopata kibali chake.

Mimi ndiye huyo mwenza. Nilikuja Leipzig nikimfuata mume wangu, na nyumbani nilikuwa mfamasia wa hospitali kwa miaka sita. Kibali changu kilipotoka kilikuwa kimeandikwa maneno mawili, "Erwerbstätigkeit erlaubt", yaani kazi inaruhusiwa. Nilikipiga picha nikamtumia mama. Mama akasoma dua.

Mwezi wa pili, Jumamosi moja, mwanangu aliamka na homa ya 39. Baba yake alikuwa safarini Hamburg. Nikamfunga mgongoni kwa kanga nikaenda famasi ya mtaani kwetu. Nilichokitaka nilikijua: paracetamol ya maji. Dozi yake ninaweza kuitaja usingizini, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Mama wa famasi akamtazama mtoto, akaniuliza kwa upole, "Wie schwer ist er?" Neno "schwer" nilikuwa nimelisikia kwa mume wangu tu, akilalamika kwamba Kijerumani ni kigumu. Nikadhani ananiuliza kama mtoto wangu ni msumbufu. Nikatikisa kichwa: hapana, ni mtoto mzuri. Akauliza tena, taratibu, nami nikajibu vilevile. Mwishowe akazunguka meza, akaleta mzani, akauweka sakafuni mbele yangu. "Schwer" ni ngumu, na pia ni nzito. Alikuwa anauliza uzito. Swali nililowauliza akina mama wangapi kule nyumbani, kila siku ya Mungu, sikulitambua nilipoulizwa mimi. Nililipa, nikatoka, na nilipofika kwenye ngazi za nyumba yetu nikalia.

Ndiyo maana maneno "hawataki Kijerumani" yananiuma. Hawakitaki ili wakupe kibali. Mfamasia anayetaka leseni hapa anadaiwa Kijerumani cha jumla cha ngazi ya B2 (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, hupanda A2, B1, B2, C1 mpaka C2), kisha mtihani wa lugha ya kitaaluma wa ngazi ya C1. Kozi ya serikali kwa wageni ina masaa 600 ya lugha na 100 ya sheria, historia na utamaduni, na inakufikisha B1. Kutoka hapo mpaka kwenye leseni ni safari nyingine. Mimi nilisubiri miezi minne kupata nafasi ya kozi hiyo, na muda mrefu zaidi kupata nafasi ya mtoto chekechea, maana darasani huingii na mtoto.

Mtu asinielewe vibaya: sitaki mtihani urudishwe mlangoni. Wenza wa wenye baadhi ya vibali vingine hudaiwa A1 kabla ya viza, na nawajua wanandoa waliokaa mwaka mzima mmoja huku, mmoja kule, kwa ajili ya mtihani huo. Msamaha ubaki. Ninachodai ni kwamba waajiri wanaoleta watu waone kwamba wanaleta nyumba nzima. Kampuni ya mume wangu ililipa tiketi, mizigo na hoteli ya mwezi wa kwanza. Kozi ya lugha kwa mke haikuwa hata kwenye karatasi. Gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ya mizigo.

Na mwenye kadi naye asijione amepona. Ukazi wa kudumu anaupata baada ya miezi 27 akiwa na A1 tu, lakini akiwa na B1 ni miezi 21. Barua za ofisi ya wageni, za kodi na za bima zinakuja kwa Kijerumani hata kama bosi wako anaongea Kiingereza cha Oxford. Mwenzake mume wangu alipunguzwa kazi mwaka jana. Mwenye kadi akipoteza kazi hukaa na saa mkononi, maana muda wa kutafuta nyingine una kikomo, na nafasi nyingi alizozikuta sokoni zilidai Kijerumani. Alikuwa na miaka miwili hapa na anajua kuagiza kahawa. Usiku ule alikuja kwetu na bahasha tatu ambazo hazijafunguliwa, tukakaa mezani tukimsomea moja moja.

B2 nimeshaipata. Sasa nasubiri tarehe ya ule mtihani wa kitaaluma.

Nilimwambia wifi hivi: viza ya mumeo itachukua miezi, na ya kwako vilevile. Miezi hiyo usiimalizie Kariakoo. Goethe-Institut ipo Upanga, daladala moja tu kutoka ofisini kwako. Anza A1 wiki hii, umalize A2 kama utaweza, na mumeo mburute naye. Masanduku yapo hata Munich.

Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza kama wana darasa la jioni.