Mwangalizi Analipwa, Buffy Je?

Nimemaliza kuitazama upya Buffy the Vampire Slayer, misimu yote 7, sehemu 144, na nimebaki na hasira ambayo sikuwa nayo nilipoiona mara ya kwanza kwa CD za kukodi. Enzi zile nyumbani tulikuwa tukigombana juu ya wanyonya damu wawili wanaompenda Buffy, shujaa wa tamthilia: Angel au Spike? Safari hii wanaume wale hata hawakunishughulisha. Nimekuwa nikiwaza mshahara.

Kwa asiyeijua: tamthilia hii ilianza kurushwa Marekani Machi 1997. Buffy Summers, binti wa miaka 16, amehamia Sunnydale, mji wa kubuni huko California, ambako chini ya maktaba ya shule kuna Mdomo wa Jehanamu, upenyo wa kuingilia mazimwi. Kazi ya kuua wanyonya damu hakuiomba. Msichana huteuliwa tu, na akifa anateuliwa mwingine. Mkutubi wa shule, Mwingereza aitwaye Giles, ndiye Mwangalizi wake: anamfundisha, anapekua vitabu, anamkumbusha wajibu. Mchana Buffy yuko darasani, usiku yuko makaburini na kigingi mkononi, na humo katikati atafute mchumba. (Mnyonya damu wa kwetu ni mumiani, na sijasikia bibi hata mmoja akisimulia mumiani mtanashati. Sisi tulifundishwa kukimbia.)

Wakizungumzia mapenzi yake, watu hurukia kwa Angel. Mimi nabaki kwenye sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, kwa kijana anayeitwa Owen. Mpole, msomaji wa mashairi ya Emily Dickinson, wasichana wote shuleni wanamtaka. Buffy anatoka naye akiwa na peja, kile kidude cha enzi zile cha kumwitia mtu, na Giles ameshaambiwa aite ikiwa tu dunia inakwisha. Wapi! Mtoko unaishia kwenye nyumba ya kuhifadhia maiti, Owen anapigwa kichwani, Buffy anadhani ameuawa na anapigana kama aliyepandwa na wazimu.

Kesho yake ningetegemea kijana aingie mitini. Kumbe amenogewa! Anataka warudie usiku uleule, waende mjini saa tisa za usiku watafute ugomvi baa. Hapo ndipo Buffy anapomwacha, maana mtu wa namna hiyo atakufa ndani ya wiki.

Mimi ni mtoto wa kwanza, wa kike. Niliwahi kukaa na kijana mmoja, chipsi mayai ndiyo kwanza zimefika mezani, simu ikaita: mdogo wangu ana homa, mama yuko safarini. Nikanyanyuka. Yule kijana akaniambia anapenda sana ninavyojitoa kwa familia. Alilisema mara nyingi miezi iliyofuata, kila nilipoondoka, wala hata siku moja hakusema twende wote. Owen namfahamu vizuri sana.

Kisa cha Angel nakipitia haraka. Ana zaidi ya miaka 240, amelaaniwa akarudishiwa roho, na akionja furaha kamili inampotea. Mwisho wa msimu wa 2 roho inarudi, lakini lango la jehanamu limeshafunguka na damu yake ndiyo ya kulifunga. Buffy anambusu, anamwambia afumbe macho, anamchoma upanga. Nimelia tena, sioni haya.

Lakini rudini kwa Giles. Siku ile ya Owen anamsimulia Buffy kwamba alikuwa na miaka 10 baba yake alipomwambia atakuwa Mwangalizi, wakati yeye alitaka kuwa rubani wa ndege za kivita, au labda mwenye duka la vyakula. Maneno matamu, nami nilimwonea huruma. Kisha msimu wa 5 wakubwa wa Baraza la Waangalizi, waajiri waliokuwa wamemfukuza Giles, wanatua kutoka Uingereza kumpima Buffy kama mtumishi aliye kwenye majaribio. Anawageuzia kibao: bila yeye wao hawana kazi. Anatoa masharti, na mojawapo ni Giles arudishwe kazini kwa mshahara kamili, pamoja na malimbikizo tangu mwezi aliofukuzwa.

Nilisimamisha picha. Nikangoja aseme, "Na mimi je?"

Hakusema. Baadaye mwaka huo mama yake anafariki, mdogo wake Dawn anabaki mikononi mwake. Msimu wa 6 mabomba ya nyumba yanapasuka, maji yanajaa chini. Buffy anavaa vizuri, anakwenda benki kuomba mkopo. Ananyimwa. Zimwi linavamia benki hiyohiyo, anapambana nalo akiwa na sketi ya kuombea mkopo, anatoka mikono mitupu. Sehemu chache mbele yuko mgahawani na kofia ya sare kichwani, anauza baga, na jua likizama makaburi yanamsubiri.