Msifute picha za majike

Kila ifikapo Agosti huku Pennsylvania, Marekani, wawindaji tunarushiana picha za aina moja, zilizopigwa na kamera tunazofunga porini zijipige zenyewe mnyama anapopita: kulungu dume kando ya shamba la soya, jua linazama, pembe bado zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo. Picha za majike na ndama hufutwa hata hazijatazamwa vizuri. Jambo hili linaniuma, kwa sababu picha zinazofutwa ndizo zenye habari.

Yule dume wa Agosti si wa kumtegemea. Wakati wa kiangazi madume hutembea kwa vikundi na mwendo wao unajulikana. Septemba ikiingia wanaikwangua ile ngozi kwenye vichaka, vikundi vinavunjika, kila mmoja anashika njia yake. Matunda ya mialoni yakianza kudondoka, soya inasahauliwa. Unayemsubiri huenda ameshahamia bonde jingine.

Jike kwa kawaida habanduki kwao. Huishi eneo lilelile miaka nenda rudi, mara nyingi pamoja na binti zake, na Novemba msimu wa kupandana ukipamba moto, madume ndio wanaomfuata. Mtazame jike wa Novemba kwenye picha: amesimama njiani, masikio kayageuza nyuma, mkia mweupe kaupinda upande. Dume hayuko mbali. Aliyejua tangu Agosti jike huyo anapita wapi alfajiri, ameshajua pa kukaa.

Basi kamera zangu nazifunga kwenye vijia vya majike, usawa wa kiuno, zikitazama kaskazini ili jua lisizipige usoni. Nyasi za mbele nazifyeka. Kihisio cha kamera hushtuliwa na joto linalotembea, na jani lililochomwa na jua likipeperushwa na upepo linaweza kuijaza kadi ya kuhifadhia picha kwa picha tupu. Kadi naibadilisha mchana, nimevaa buti za mpira nisiache harufu, na sikawii.

Kisha nahesabu ndama. Huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, na jike mzima aliyeshiba mara nyingi huzaa pacha. Majike wengi wakionekana Septemba bila ndama, kuna jambo: dubu, koyoti, au msitu umeshindwa kuwalisha. Kulungu wakizidi, miche ya mialoni inaliwa ingali michanga na chini ya miti hubaki makangaga tu. Ndiyo sababu jimbo hutoa leseni za kuwinda kulungu wasio na pembe, yaani hasa majike, na mwindaji anayezikwepa kila mwaka akingoja pembe kubwa, kwa maoni yangu, anauacha msitu uumie.

George Shiras III, mpiga picha wa wanyamapori, mzaliwa wa Pennsylvania hii hii, aliweka bunduki chini akashika kamera. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74, zikiwemo za wanyama waliojipiga picha wenyewe kwa kuvuta uzi uliotegwa kwenye kamera. Hata wasio na pembe aliwaona wanastahili kutazamwa.

Halafu kuna wanaomwaga mahindi mbele ya kamera ili dume asogee. Ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu mpaka akonde na kufa, hauna tiba, na huenea kwa urahisi wanapokula pua kwa pua. Katika maeneo ya jimbo hili yaliyowekwa chini ya udhibiti wa ugonjwa huo, kuwalisha kulungu ni marufuku. Kijia cha majike hakihitaji hata punje moja. Wanapita hapo kila siku.