Tulisomesha Watu, Uchumi Ukalala

Kila msimu wa bajeti huwa tunaambiwa kwamba tukiwekeza kwenye elimu, uchumi utakua wenyewe. Jambo hilo Tanzania ilishalijaribu, na majibu tunayo.

Mwaka 1974, pale Musoma, TANU, chama kilichokuwa kikitawala, iliazimia kila mtoto aliyefikia umri wa shule asome. Watu wazima nao wakaingia kwenye madarasa ya jioni. Tulipofika miaka ya 1980 tulikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosifiwa kwa wingi wa watu wanaojua kusoma na kuandika. Miaka hiyohiyo wazee wetu walikuwa wakipanga foleni ya sukari na sabuni. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vilichangia, sikatai. Lakini aliyejua kuhesabu na kupanga biashara alikuwa na nafasi finyu mno ya kuutumia ujuzi huo kihalali. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya kuwakamata wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha bidhaa na kulangua, na mwenye bidhaa nyingi stoo alilala kwa wasiwasi.

Sasa tuangalie pesa za simu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Kwenye majaribio ililengwa kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, na kampuni ikawa na akili ya kuwafuata. Mwaka 2016 wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa takriban asilimia 2 ya kaya za Kenya kwenye umaskini uliokithiri.

Sifa zote wamepewa wahandisi. Mimi namfikiria wakala aliyekaa chini ya mwavuli: anasoma meseji, anaandika muamala kwenye daftari, anajua floti (salio lake la kwenye simu) imebaki kiasi gani na keshi kiasi gani, na tapeli akipiga simu anamshtukia. Huyo hakusomea benki. Ana hesabu za darasa la saba au kidato cha nne, basi. Bila maelfu ya watu wa aina yake, ubunifu ule ungebaki kwenye makaratasi ya semina (na semina tunazo za kutosha).

Ndiyo maana tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, ya Julai 2021, iliniudhi. Muamala mmoja uliweza kukatwa hadi shilingi 10,000, juu ya makato ya kampuni. Ukiambiwa utume “na ya kutolea”, yaani uongeze pesa ya makato ya kutoa, unapiga hesabu mara mbili. Watu wakarudi kumpa dereva wa basi bahasha ya pesa awafikishie ndugu zao. Serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30 baada ya wiki chache, ila mawakala walikuwa wameshaonja hasara.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari. Naiunga mkono, mradi karakana ziwe na mashine na shule zisigeuzwe jalala la waliofeli. Ninachotaka kusikia sasa ni mpango wa halmashauri. Kijana akimaliza akiwa fundi wa kuchomelea, atapewa eneo lenye umeme wa njia tatu na muda wa kupumua kabla ya kudaiwa leseni na ushuru, au mgambo watamkuta barabarani wabebe mashine yake?