Filamu Zisizosema Zionyeshwe kwa Watu Wanaosema

Wapenzi wa filamu wana adabu moja inayonikera. Ikitajwa Koyaanisqatsi wanateremsha sauti kama watu walioingia msibani. Wanakwambia ile si ya kuelezwa, itazame peke yako, usiku, simu umezima. Mimi nasema kinyume chake. Filamu za hali halisi zisizo na maneno, hizi zinazoonyesha mashine zilivyotugeuza maisha, zinataka umati, tena umati wenye midomo. Na kama kuna mahali pa kuzionyesha hivyo, ni hapa kwetu Unguja.

Kwa asiyeijua: Koyaanisqatsi ilitoka mwaka 1982. Aliyeiongoza ni Godfrey Reggio, Mmarekani aliyeishi miaka 14 kama mtawa wa Kikatoliki kabla hajashika kazi ya filamu. Picha alipiga Ron Fricke, muziki akatunga Philip Glass. Hamna msimulizi wala mahojiano. Yanaanza majabali na mawingu, yanafuata mabomba, nguzo za umeme, barabara kuu, viwanda, kisha miji ambayo magari yake yamekimbizwa hadi taa zake zinakuwa mistari tu. Fricke baadaye akaenda njia yake akatoa Baraka (1992) na Samsara (2011), zote mbili zimezunguka nchi nyingi. Nzuri, ila kwa macho yangu zinakaribia mno matangazo ya shirika la ndege.

Sasa, husemwa kwamba filamu hizi hazihubiri, zinakuachia wewe uamue. Si kweli. Kuna pahala Koyaanisqatsi inakuonyesha soseji zinatoka kwenye mashine mfululizo, halafu watu wanapanda ngazi za umeme kwa mwendo uleule, wamebanana vilevile. Umeshaambiwa. Kuweka picha hii mbele ya ile ndiko kusema kwenyewe, na ule muziki wa Glass unaozunguka na kurudi palepale ni hotuba tosha. Sina ugomvi na hilo. Ila mtu akinihubiria, nami nataka nafasi ya kumjibu.

Na kujibu filamu ni jambo tulilolizoea zamani. Wazee wetu walijaza Majestic, Empire na Cine Afrique kuangalia picha za Kihindi, na wengi wao neno la Kihindi hawalijui. Bibi yangu akikuhadithia picha moja aliyoiona usichanani alikuwa anakupa mpaka maneno waliyoambiana mama mkwe na mkwewe, na ukimuuliza kajuaje anakutazama kama umekosa adabu. Ukumbini watu walimwonya mhusika, walimlaani mwovu, walilia kwa sauti. Yalipokuja mabanda ya video akaja na mtafsiri wake, jamaa mmoja na maikrofoni anawasemesha Wachina Kiswahili cha mtaani na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Natamani mmoja wao apewe Koyaanisqatsi. Ile roketi ya mwisho inapopasuka na kipande chake kinaanguka taratibu, kinazunguka, kinazunguka, dakika nzima na zaidi, angesema nini yule?

Lakini hoja yangu haiishi kwenye kuchekesha. Chukua sehemu ya Pruitt-Igoe. Hayo yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, yaliyojengwa miaka ya 1950 St. Louis, Marekani, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Kuanzia mwaka 1972 yakaanza kubomolewa kwa baruti. Reggio anayapita kutoka juu, madirisha yamevunjika, hakuna mtu, muziki unapanda, kisha jengo linapiga magoti na vumbi linatanda. Ujumbe ni kwamba binadamu haishi kwenye sanduku la zege.

Kijana wa Michenzani, mtaa wa maghorofa hapa mjini Unguja, akiiona sehemu hiyo hatanyamaza. Maghorofa yake nayo ni marefu, ya mraba, yanafanana, yameanzwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ramani yake ilifyeka nyumba za udongo za mtaa wa Ng'ambo. Ukiyapiga picha kwa droni asubuhi ya mapema utapata Pruitt-Igoe yako kamili: zege lililofifia, mistari iliyonyooka. Teremka sasa. Chini kuna baraza na watu wa kahawa wanabishana mpira wa jana. Kuna fundi cherehani, kuna duka la vocha, kuna mama ghorofa ya juu anateremsha kikapu kwa kamba, ndani mna noti na maagizo anayapigia kelele kutoka roshani: mkate, na nyanya zisiwe mbivu sana. Muuza duka anatia, anavuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda. Lifti hiyo haikuwemo kwenye ramani ya Mjerumani.

Sisemi Michenzani hamna shida. Waulize kuhusu maji yasiyofika juu na ngazi zenye giza, hutamaliza leo. Nasema kwamba zege hilohilo limewazalia watu mambo mawili tofauti, na sababu zake huzioni ukiwa angani. Pruitt-Igoe yenyewe iliangushwa na mambo mengi yasiyo na sura: pesa za matengenezo zilizokosekana, ubaguzi wa rangi, kazi zilizohama mji. Vumbi lile linapendeza kwenye skrini, lakini hayo halikwambii.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa filamu hizi, nao unazidi kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka 1982 teknolojia ilikuwa na moshi, kelele na foleni, kamera ikiielekea inaipata. Inayotuendesha sisi leo haionekani. Nani aliwahi kuuona ule waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara? Tuliujua ulipokufa. Kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi, na kabla ya hapo tulishaonjeshwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka, ndoo zikapanga foleni visimani. Mpiga picha angepata nini? Jenereta mbele ya maduka, watu na madumu. Angeweza kuzipamba kwa fidla, na mtazamaji wa Berlin angedhani anaangalia vita. Asingejua kwamba kisa ni kisiwa kizima kutegemea waya mmoja. Hilo linahitaji mtu aseme.

Au njoo pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka wakati wa bamvua. Wanawake wanaoinama kwenye mashamba ya mwani ni chakula cha kila kamera inayoruka siku hizi: kanga nyekundu, maji ya kijani, vigingi vimejipanga, muziki wa piano. Video za mahoteli ndizo watoto wa Reggio, watake wasitake. Naye mwenyewe alishawafungulia mlango kwa filamu yake ya pili, Powaqqatsi ya mwaka 1988, inayoanza na wachimba dhahabu wa Serra Pelada, Brazil, wanaopanda genge na magunia ya tope mgongoni. Mwendo umepunguzwa, jasho linang'aa, na mtu aliyeumia anabebwa juujuu na wenzake. Tunapewa tumstaajabie. Jina lake, malipo yake, nini kimemuangukia, hatupewi.

Mwanamke wa mwani ukimpa nafasi atakwambia mambo ambayo picha haiyawezi. Atakwambia cottonii, ule wenye bei, unaugua na kufa kwa sababu maji yamekuwa ya moto, na uliobaki, spinosum, bei yake haitii moyo. Atakwambia kwenye maji marefu mwani unakubali zaidi, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea. Joto la maji halina rangi. Kwenye video bahari ile iliyopika mwani ni nzuri kuliko kadi ya posta, na kadiri mpiga picha anavyokuwa hodari ndivyo anavyotudanganya zaidi.

Basi tuziache filamu hizi? Hapana. Tuziangalie kwa namna yetu. Ningekuwa na nguvu ya kupanga, nisingeanza na Reggio. Ningeanza na Leviathan ya mwaka 2012, ya Lucien Castaing-Taylor na Véréna Paravel, iliyopigwa ndani ya meli ya uvuvi iliyotoka New Bedford, Massachusetts, kwa kamera ndogo zilizofungwa hata miilini mwa wavuvi. Maneno yake ni machache na hayasikiki. Inavuma, inayumba, inamwaga damu na vichwa vya samaki. Wahakiki wa ng'ambo waliandika juu yake kurasa na kurasa za falsafa.

Mimi nataka kuiona na wavuvi wa Malindi yetu ya Unguja na wachuuzi wao. Kuna pahala mabaharia wawili wanawakata samaki aina ya taa mabawa kwa panga, mmoja baada ya mwingine, na kiwiliwili kinatupwa. Nyumba nyingi hapa taa analiwa yote, mbichi na mkavu, na tumbo lake lina wenyewe. Sidhani mtu ataweza kuendelea kuangalia kabla hilo halijajadiliwa: nyavu zile matundu yake vipi, mafuta kiasi gani kwa usiku, nani anakula hasara ya kinachotupwa, na meli kama zile zikipita nje ya Pemba tunabakishiwa nini. Filamu itasimamishwa, itarudishwa nyuma, itasimamishwa tena. Ya dakika 87 itachukua usiku kucha.

Ukuta mweupe ninao, projekta nitaazima. Kahawa na kashata kila mtu ajilipie.