Chakacha ya Dakika 12

Kundi moja la dansi ya kisasa limetuletea programu mpya hapa Mombasa: kazi nne fupi kwa usiku mmoja, kila moja na mtunzi wake. Zote zilinipendeza, ila iliyonirudisha nyumbani na swali ni ile ya tatu, iliyotungwa kutokana na chakacha.

Binti alisimama peke yake, katupa mgongo, leso kaifunga kiunoni. Mabega hayakutikisika hata kidogo. Chapuo, ile ngoma ndogo, kikilia mara tatu, nyonga zake zinajibu mbili, la tatu analiacha. Mama mmoja nyuma yangu akawa analijaza lile la tatu kwa kofi. Mara taa zikazimwa. Dakika 12 zimekwisha.

Wako wasemao chakacha haikufaa kupandishwa jukwaani kabisa, kwa kuwa ni ngoma ya wanawake, ya harusini, huchezwa mlango umefungwa. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini hoteli zetu za ufuoni zimewachezea watalii chakacha miaka mingi, na binti huyu aliitunzia heshima kuliko huko.

Mimi langu ni muda. Najua kwa nini programu hupangwa hivi: mtunzi mchanga hana kazi ya kujaza saa nzima, na akisubiri awe nayo hataonekana. Kundi la dansi ya kisasa la Gàara, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen, lilijulikana kwa kushinda na kazi yao "Cleansing" mjini Luanda mwaka 1998, kwenye mashindano yaliyokusanya makundi ya nchi nyingi. Milango ya namna hiyo tunaihitaji.

Hata hivyo ngoma yetu haikolei upesi. Ngozi yenyewe hukangwa moto kwanza ndipo ikaze. Harusini wanawake hukaa kitambo wakitazamana, wakiimba tu, mpaka mmoja ainuke. Pigo lile lile likirudiwa mara ya mia si lile tena, kwa sababu wanaolisikia wamekwisha badilika. Hilo dakika 12 haziwezi kulibeba, hata mchezaji awe hodari vipi, na usiku ule yule mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia ngomani.

Ingekuwa ni juu yangu, ningeziacha kazi mbili za kwanza zilivyo, ya nne ningeihifadhi kwa usiku mwingine, na kipindi chote baada ya mapumziko ningempa binti yule na wapigaji wake.