Habu kubwa haiimarishi gurudumu dogo

Ushauri ule umerudi tena: ukisuka gurudumu la baiskeli la inchi 20, tafuta habu (kitovu cha gurudumu) ya flanji kubwa, yaani sahani za pembeni zinazoshika spoki, yenye matundu 36 ya spoki, eti ndiyo imara. Unaudhi, kwa sababu anayeufuata hulipia habu nzito, kisha akaanza kununua spoki za kuziba pengo la zilizokatika kwenye nati, ile inayofunga spoki kwenye rimu.

Chukua rimu ya 406 (kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokaa; ndiyo ya inchi 20) na habu ambayo duara la matundu yake lina kipenyo cha milimita 90. Ukisuka kila spoki ikatize nyingine tatu, inaingia kwenye rimu ikiwa imelala digrii 13 hivi kutoka mstari unaoelekea katikati ya gurudumu. Habu hiyohiyo na ususi uleule kwenye rimu kubwa ya 622 ni kama digrii 8. Kwenye rimu ndogo zaidi ya 349 inafika 15. Nati haiwezi kulala kiasi hicho ndani ya tundu la rimu: inakwama, na spoki inapinda palepale hesi (mikato ya kufungia nati) inapoanzia. Gurudumu likizunguka, pale huchezacheza kila mara uzito unapopita, hadi chuma kichoke. Kukaza zaidi hakuponyi kitu. Kwenye 406, weka flanji ya milimita 45 na pembe inashuka hadi 6.

Wenye habu za gea za ndani (gea zimo ndani ya habu yenyewe), haya, nakubali: flanji zake ni kubwa na huna jinsi. Basi badili ususi. Kila spoki ikatize moja tu. Pembe inarudi chini ya 6 na mvuto wa cheni bado unabebwa. Spoki zisizokatizana kabisa ni za mbele tu, kwa breki za rimu, na mtengenezaji wa habu awe ameruhusu, maana zinaweza kupasua flanji.

Matundu 36 ya nini? Spoki fupi na rimu ndogo tayari ni ngumu. 28 zinatosha wengi.

Pima upana kati ya ncha za uma (mkono wa mbele unaoshika gurudumu) kabla ya kununua. Baiskeli nyingi za kukunja zina milimita 74 mbele, si 100.

Pesa iliyobaki iende kwenye beringi zilizozibwa vizuri. Gurudumu la 406 lenye tairi la milimita 40 huzunguka takriban mara 650 kwa kilomita. La 622 lenye tairi la 28, kama 470. Kwa sababu hiyohiyo, dainamo ya habu (habu inayozalisha umeme wa taa) iwe ile iliyotengenezwa kwa magurudumu madogo. Ya gurudumu kubwa itawasha taa, lakini itakuvuta nyuma safari nzima.