Barafu ya nini kwenye Chardonnay?

Chupa ya huu mvinyo mweupe nimeibeba kwenye treni kutoka Dar mpaka Kigoma, nimeifunga kanga kama kichanga. Jioni samaki wangu, mgebuka wa Ziwa Tanganyika, ameiva, nikamwomba mhudumu aipoze kidogo tu. Kaka wa watu kaitia kwenye friza! Kairudisha nusu imeganda, kamimina, halafu kaongeza barafu. "Joto, bosi." Jamani! Mvinyo huu umelazwa kwenye mapipa ya mwaloni (mwaloni mti, si mwaloni Kibirizi, pale ufukweni boti zinaposhusha dagaa) ili upate ile vanila. Ule ulaini wa siagi ni kazi ya bakteria, wanageuza asidi kali ya tufaha kuwa ya maziwa. Nyuzi 10 hadi 13 zinautosha. Ukiugandisha, harufu yote inajificha, unabaki unakunywa maji ya ndimu. Na hela ya kufunguliwa chupa niliyokuja nayo nimelipa!